Hiari na Lazima Darasani: Historia ya Njia za Kujifunza Kutoka Loresho na Kabete

Utangulizi

Neno hiari halikupata bahati njema katika shule za Kenya. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuchagua bila ya kushurutishwa. Wahenga walilitukuza waliponena kuwa hiari yashinda utumwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa shule ya msingi aliyesoma nchini kabla ya mwaka 1985 alilijua zaidi kama sifa ya somo lisilotahiniwa. Kiswahili kilikuwa katika hali hiyo. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi, lakini kwa kuwa hakikuwamo katika mtihani wa mwisho, ilikuwa rahisi kipindi chake kuazimwa na hesabu au Kiingereza, na kwa vitendo kikawa cha hiari. Ndiyo sababu kwa walimu wengi wa lugha hii hiari ni jina la kupuuzwa, na lazima ndilo jina la heshima.

Makala haya yanahusu hiari ya namna nyingine. Hatuzungumzii hiari ya mwanafunzi kuchagua somo, bali hiari yake ya kuchagua jinsi ya kujifunza: aanze kwa kusikiliza au kwa kusoma, afanye kazi peke yake au pamoja na wenzake, aende kwa mwendo upi, na aonyeshe alichokipata kwa maandishi, kwa mdomo au kwa kazi ya mikono. Hiari hizi mbili huchanganywa mno katika mijadala ya elimu, na mchanganyiko huo hutufanya tuamini kuwa tumempa mwanafunzi uhuru hali tumempa orodha tu. Dai letu ni kwamba hiari ya kwanza imetolewa mara nyingi nchini bila ya taabu kubwa. Ya pili imetolewa mara chache, na ilipotolewa ilivunjikia mahali pamoja: waliokuwa wakiitoa walikuwa wamekwisha kuamua, kabla ya mwanafunzi kufika mlangoni, ni lugha gani atakayoitumia kuchagua, na ni wapi uchaguzi wake utampeleka.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka mahali padogo. Loresho ni mtaa wa makazi katika upande wa magharibi wa Nairobi, kati ya Barabara ya Lower Kabete na Barabara ya Waiyaki, jirani na Kangemi. Hautajwi sana katika historia ya elimu. Lakini ukiifuata Barabara ya Lower Kabete utafika kwenye ardhi ilipofunguliwa Shule ya Jeanes mwaka 1925, na ukishuka kwa Barabara ya Waiyaki kuelekea mjini utalipita lango la Nairobi School, ambako mwaka 1974 walimu wa fasihi walikutana kujadili nini kifundishwe na kwa njia gani. Kati ya vituo hivyo viwili, na kwa kuongeza kituo kimoja cha katikati ya jiji, twaweza kuisoma sehemu kubwa ya habari hii bila ya kwenda mbali.

Chuo na darasa

Inafaa tuanze na maneno yenyewe, kwani yalitoka pwani na yalibeba desturi za pwani. Chuo, katika Kiswahili cha zamani, kilikuwa kitabu, na pia mahali pa kufundishiwa kitabu, hasa Kurani. Katika chuo cha namna hiyo watoto waliketi pamoja lakini hawakusoma pamoja. Kila mmoja alikuwa na ubao wake na mahali pake alipofikia. Huyu angali katika herufi, yule yumo katika juzuu ya kwanza, mwingine anakaribia kuhitimu. Mwalimu alimwita mmoja mmoja kumsikiliza, na wakubwa waliwasomesha wadogo. Hapakuwa na fikira ya kwamba watoto waliozaliwa mwaka mmoja ni lazima wafike ukurasa mmoja siku moja.

Tusipake rangi. Mtoto wa chuoni hakuchagua cha kusoma, na fimbo ilikuwapo. Aliyokuwa nayo ni hiari ya mwendo tu, tena bila ya mtu yeyote kuiita hiari. Lakini alipokua na kutaka kuendelea, mambo yalibadilika. Katika miji kama Lamu, na hasa baada ya Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh kuwa kituo cha elimu, mwanafunzi mtu mzima aliweza kumwendea shehe huyu kwa sarufi ya Kiarabu na yule kwa fikihi, akafuata kitabu kimoja kwa mwalimu mmoja hadi kitakapokwisha. Kikao hicho ndicho kilichoitwa darasa. Tazama basi safari ya neno hili. Darasa lilikuwa somo ambalo mtu alilifuata. Leo ni chumba ambamo mtu hutiwa, na ni ngazi ambayo hupandishwa kila Januari kwa sababu ya umri. Mabadiliko hayo ya maana hayakuletwa na wanaisimu. Yaliletwa na shule ya kikoloni, ambayo ilihitaji kuwahesabu wanafunzi wake.

Kabete, 1925

Shule ya Jeanes haikuanza Kabete. Mwaka 1907 mwanamke wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, wa madhehebu ya Quaker, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za watu Weusi wa kusini mwa Marekani, na mwaka 1908 Virginia Randolph wa Henrico County, Virginia, akawa mwalimu wa kwanza kulipwa kwa mfuko huo. Kazi yake haikuwa kukaa katika shule moja. Alizizungukia shule ndogo, akawasaidia walimu wake kwa mfano kuliko kwa amri. Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa miongoni mwa wajumbe wake, ilipoizuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza mpango huo uletwe huku. Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha, na James Dougall, Mskochi aliyekuwa katibu wa tume hiyo, akawa mkuu wa kwanza wa shule. Alibaki hapo hadi 1931.

Waliopelekwa Kabete hawakuwa watoto. Walikuwa walimu waliokwisha kufanya kazi, wengi wao wenye wake, waliochaguliwa na misheni zao kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Walikaa na jamaa zao katika nyumba zilizopangwa kama kijiji, wakalima, wakajenga, wakafanya mazoezi ya kufundisha, na wake zao wakasomeshwa malezi na usafi wa nyumbani. Baada ya mafunzo walirudi makwao kuzizungukia shule za vijijini. Kwa upande wa njia ya kufundishia, mpango huu ulikuwa mbele kuliko shule nyingi za wakati wake. Ulikataa kuimba masomo kwa pamoja, jambo lililotawala katika shule za misheni. Ulisisitiza kuwa mtu hujifunza kwa kutenda, na kwamba maisha ya kijiji ni kitabu kama vitabu vingine. Aidha, walimu wale hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Walipoketi pamoja jioni, hapana budi kila mmoja alitoka katika lugha yake na kukutana na wenzake penginepo, na hilo peke yake ni somo ambalo halikuandikwa katika ratiba.

Pamoja na hayo, lilikuwapo ukuta. Fikira iliyouongoza mpango mzima iliitwa, kwa lugha ya wakati ule, kuipatanisha elimu na mazingira ya Mwafrika. Kwa maneno mengine, mwanafunzi aliruhusiwa kujifunza kwa njia nyingi, mradi njia zote ziishie kijijini. W. E. B. Du Bois alikuwa amekwisha kumshambulia Jones kwa fikira hiyo hiyo huko Marekani. Aliona kwamba elimu ya namna hiyo inawafunga watu Weusi mahali walipo. Wazazi wa Kiambu na Murang'a hawakuhitaji kuwa wamemsoma Du Bois ili waone hivyo. Shamba waliliona nyumbani kila siku. Walichokitafuta shuleni ni kile ambacho nyumbani hakikuwapo, na hasa Kiingereza, kwa sababu walikwisha kutambua kuwa ndiyo lugha ya ofisi, ya mahakama na ya mishahara.

Kwa hiyo baada ya mtafaruku wa mwaka 1929 kati ya misheni na Wakikuyu, shule za kujitegemea zilipoenea katika miaka ya 1930, hazikuiga kijiji cha Kabete. Zilidai vitabu vile vile na mitihani ile ile waliyopewa wengine. Mbiyu Koinange, aliyesoma Hampton Institute na baadaye Chuo Kikuu cha Columbia, yaani katika chimbuko hasa la nadharia za elimu ya vitendo, alirudi nyumbani na mwaka 1939 kikafunguliwa Githunguri chuo cha kuwafundisha walimu wa shule hizo. Serikali ilikifunga mwaka 1952. Mtafiti wa leo anaweza kushawishika kuwalaumu wazazi wale kwa kupenda vitabu vya kukariri kuliko elimu ya kutenda. Kwa maoni yetu lawama hiyo haina haki. Walikuwa wameielewa hiari vizuri kuliko waliowapa. Mtu akipewa njia kumi ambazo zote zinakwenda sokoni, naye anataka kwenda mahakamani, hakupewa njia hata moja.

Shule ya Jeanes yenyewe ilibadilika baada ya vita vya pili vya dunia, ikawa kituo cha mafunzo ya maendeleo ya jamii, na mwaka 1961 mahali hapo pakawa chuo cha utawala, ambacho leo ni Kenya School of Government. Watumishi wa serikali wanaokwenda huko kwa mafunzo, wakipita Loresho asubuhi, wanakwenda mahali ambapo palikuwa kijiji cha walimu.

Pembe za darasa, 1957

Jaribio la pili lilianzia katikati ya jiji, na lilikwenda mbali kuliko la kwanza. Mwaka 1957 idara ya elimu ilianzisha Nairobi kituo maalumu cha kutayarisha mafunzo ya darasa la kwanza kwa Kiingereza. Sababu ya mwanzo haikuwa watoto wa Kiafrika. Katika shule za watoto wenye asili ya Kiasia, chumba kimoja kiliweza kuwa na watoto wa Kigujarati, Kipunjabi na Kiurdu, na walimu walichoka kutafuta lugha ya kuwakutanishia. Iliamuliwa kwamba Kiingereza kianze siku ya kwanza. Lakini pamoja na lugha mpya ililetwa njia mpya, na ndiyo iliyoupa mpango huo jina lake lililokuja kujulikana nchini kote: Mbinu Mpya ya Shule za Msingi. Vitabu vyake viliitwa Peak.

Aliyezoea shule za awali angeshangaa kuliona darasa hilo. Madawati hayakupangwa kwa safu zinazotazama ubao. Watoto walikaa kwa vikundi vidogovidogo. Walikuwapo wenye kadi za maneno, wenye picha, wenye vitu vya kuhesabu, na wenye kucheza duka katika pembe ya chumba. Mwalimu alitembea kutoka kikundi hadi kikundi. Kilikuwapo kipindi cha shughuli huru, na hapo mtoto aliendea pembe aliyoitaka. Kwa mara ya kwanza katika shule ya serikali, mtoto wa miaka sita aliulizwa, kwa namna fulani, angependa kujifunza vipi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mpango huu uliingizwa katika shule za Waafrika, na ukaenea kwa kasi ambayo walioubuni hawakuitarajia, kwani wazazi waliupenda kwa sababu ya Kiingereza. Tume ya Ominde iliusifu kwa uhai uliouleta darasani na ikapendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza.

Hapa ndipo tunapotaka kutua kidogo, kwa sababu jambo hili huelezwa kwa haraka mno katika vitabu vya historia ya elimu. Husemwa kuwa mpango ulidhoofika kwa ukosefu wa vifaa na walimu. Ni kweli. Wakati wa uhuru walimu wengi wa shule za msingi walikuwa wenyewe wamemaliza shule ya msingi tu na kupata mafunzo mafupi. Kadi na picha zilikuwa na gharama. Na vitabu vya mwongozo vilimwelekeza mwalimu hatua kwa hatua, kiasi kwamba mwanafunzi alikuwa na hiari na mwalimu hakuwa nayo. Jambo hilo la mwisho lingetosha kuandikiwa makala yake lenyewe. Mwalimu asiyeruhusiwa kuchagua hawezi kumfundisha mwingine kuchagua.

Lakini ilikuwapo sababu ya ndani zaidi, nayo ni ya kiisimu. Kuchagua ni tendo la lugha. Mtoto anayetaka kuiendea pembe ya duka ni lazima aweze kusema anataka kununua nini, abishane juu ya bei, akatae, abadili nia, amuulize mwenzake. Mtoto wa Kangemi aliyetoka katika nyumba ya Kikuyu au ya Kiluhya aliingizwa katika duka hilo akiwa na maneno machache ya Kiingereza yaliyofundishwa wiki ile. Angeweza kunyoosha kidole. Angeweza kukariri sentensi ya mfano. Hakuweza kubishana, na bei isiyoweza kubishaniwa si mchezo wa duka, ni zoezi la sarufi. Wale wa kwanza, wa shule za Kiasia, walikuwa angalau na haja ya kweli ya lugha ya kukutania. Mtoto wa kijijini ambaye wenzake wote walisema lugha moja hakuwa na haja hiyo, na njia iliyokusudiwa kumwachilia ulimi ikamfunga. Si ajabu basi kwamba walimu wengi walirudia kuimba kwa pamoja. Kuimba ndiko kulikowezekana kwa watu wasiokuwa na lugha ya kuzungumzia walichokiimba.

Mbona Kiswahili hakikushika nafasi hiyo katika jiji ambamo watoto walikuwa wakicheza kwa Kiswahili nje ya darasa? Swali hili liliulizwa kwa sauti mwaka 1976 na Kamati ya Gachathi, ambayo ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumiwe katika miaka mitatu ya kwanza, na Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa. Kwa miji, lugha ya eneo maana yake mara nyingi ni Kiswahili. Lakini wakati huo idadi ilikwisha kubadilisha kila kitu. Amri ya Rais Kenyatta ya Desemba 1973 ya kuondoa karo katika madarasa ya chini iliwaingiza shuleni, mwaka 1974, watoto wengi hata jumla ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka kama milioni 1.8 hadi zaidi ya milioni 2.7. Darasa lenye watoto themanini halina pembe. Neema hiyo haikosi kushukuriwa, na wengi wetu tusingesoma bila ya hiyo. Hata hivyo ni vema kukumbuka kuwa pembe za darasa ziliondoka mwaka huo, na hazikurudishwa.

Nairobi School, 1974

Mwaka huo huo wa 1974, mwezi wa Septemba, walimu wa shule za sekondari na wahadhiri walikutana Nairobi School kuzungumza juu ya ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika. Mahali penyewe palikuwa na kinaya yake: shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1931 kwa jina la Prince of Wales School, kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Mkutano ulifuata mjadala ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1968 na Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngugi wa Thiong'o, waliotaka Idara ya Kiingereza iondolewe na mahali pake pawe na idara inayoanzia Afrika.

Mjadala ule hukumbukwa kwa habari ya orodha ya vitabu, nani atoke na nani aingie. Sisi tunaona kuwa matokeo yake makubwa yalikuwa katika njia ya kujifunza, na yaliletwa na fasihi simulizi. Mara tu fasihi simulizi ilipokubaliwa kuwa somo, kitabu kilikosekana, na kukosekana huko kukawa neema. Mwanafunzi alitumwa nyumbani. Ilimbidi achague amwendee nani, bibi yake mzaa mama au mzee wa jirani anayesifika kwa vitendawili. Achague kunasa sauti au kuandika. Achague tafsiri ipi ya neno iwekwe na ipi iachwe. Na mwishowe asimame mbele ya wenzake aitetee kazi yake. Hapa hatimaye lugha na hiari zilikuwa upande mmoja. Mwanafunzi alichagua kwa lugha aliyoimiliki, na mwalimu, ambaye pengine hakuijua lugha ile, ilimbidi akae asikilize. Hatujui jaribio jingine katika shule za Kenya lililogeuza viti vya mwalimu na mwanafunzi kwa wepisi kama huo.

Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, fasihi simulizi ilipata nafasi pia katika Kiswahili cha sekondari, na imebaki katika karatasi ya tatu ya mtihani wa KCSE. Lakini tazama ilivyobaki. Huulizwa mara kwa mara mwanafunzi ataje njia za kukusanya data nyanjani, au aeleze matatizo yanayomkabili mkusanyaji. Majibu yake yamo katika vitabu vya marudio, yamepangwa kwa nambari, na mwanafunzi anaweza kupata alama zote bila ya kuwahi kumsikiliza mtambaji yeyote. Mtihani umeichukua hiari ukaigeuza kuwa orodha ya hoja za kukariri kuhusu hiari.

Swali la kwanza ni la lazima

Mwaka 1985 una sifa mbili kwa Kiswahili. Ndio mwaka ambao somo lilitahiniwa kwa mara ya kwanza katika KCPE, na kwa hiyo ndio mwaka lilipopata wanafunzi, vitabu na walimu. Hatuwezi kuukana wema huo. Kiswahili cha Kenya cha miaka arobaini iliyofuata kisingekuwapo bila ya huo. Lakini kwa kuwa heshima ililetwa na mtihani, mtihani ukawa ndiyo njia ya kujifunza. Kila mwalimu wa sekondari ajua maelekezo ya karatasi ya insha: andika insha mbili, ya kwanza ni ya lazima, kisha chagua moja kutoka tatu zilizobaki. Katika karatasi ya fasihi vilevile swali la kwanza ni la lazima, na mengine huchaguliwa kutoka sehemu mbalimbali, bila ya kujibu mawili ya sehemu moja.

Hii ndiyo hiari ambayo wanafunzi wetu wengi wameijua. Ni hiari ya dakika tano, mwishoni mwa miaka minne, na hutolewa kwa sauti ya amri: chagua. Wanaojua kazi yao huwafundisha wanafunzi kuchagua mapema zaidi ya hapo, kwa kuacha baadhi ya sehemu kabisa. Darasa zima huacha ushairi, kwa mfano, kwa hoja kwamba maswali mengine yanatosha. Mwanafunzi anayependa mashairi katika darasa kama hilo hana hiari. Wenzake wamekwisha kuchaguliwa kwa niaba yake. Tena, Kiswahili hakina mtihani wa kusema katika KCSE. Lugha ambayo Wakenya wengi huijua kwa mdomo kuliko kwa kalamu hupimwa kwa kalamu tu, na mwanafunzi mwenye ulimi mzuri na mkono mzito hana mahali pa kuuonyesha ulimi wake.

Umilisi

Mtaala ulioandaliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, ukajaribiwa tangu 2017 na kuingia katika madarasa ya chini ya nchi nzima mwaka 2019, huitwa kwa Kiswahili Mtaala wa Umilisi. Wanaisimu watakumbuka kuwa neno hili walilitumia wao kwanza, kwa maana ya ujuzi wa lugha uliomo akilini mwa msemaji, na wakautenga na utendaji. Katika mtaala limechukua maana iliyo karibu na kinyume chake, yaani uwezo unaoonekana kwa vitendo. Hatulalamiki, maneno husafiri, kama darasa lilivyosafiri. Lakini swali lililofichwa katika neno hilo ni la kweli: je, shule itaangalia kile ambacho mtoto anakijua, au kile tu anachoweza kukionyesha kwa lugha aliyopangiwa?

Mtaala huu unazungumza sana juu ya uchaguzi. Mwanafunzi anayeingia sekondari pevu ana njia tatu za kufuata: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Hiyo ni hiari ya kwanza, ya kuchagua somo. Hiari ya pili, ya kuchagua jinsi, imo katika maelezo ya shughuli za darasani, ambamo watoto hufanya kazi kwa vikundi, huigiza, huchunguza na kuwasilisha. Aliyeisoma historia ya mwaka 1957 hawezi kuisoma miongozo hiyo bila ya kuzikumbuka pembe za Peak.

Turudi Loresho. Katika mitaa hii ya magharibi shule nyingi za kulipia humfundisha mtoto kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, na mtoto mwenyewe mara nyingi huja na Kiingereza kutoka nyumbani. Katika shule hizo pembe zipo, watoto ni wachache, na uchaguzi unawezekana kwa sababu lugha ya darasani ni lugha ya mtoto. Mwendo wa dakika chache kwa miguu, upande wa Kangemi, shule ya umma inafuata mtaala huo huo ikiwa na watoto wengi zaidi katika chumba kimoja. Sera ya serikali inasema kuwa huko, hadi Gredi ya 3, lugha ya eneo ndiyo ya kufundishia, na lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini wazazi wa Kangemi wanaona kile ambacho wazazi wa Kiambu walikiona katika miaka ya 1930, na wanauliza kwa nini mtoto wao apewe hiari kwa lugha moja na mtoto wa ng'ambo ya barabara apewe kwa nyingine. Kuwajibu kwamba watoto hujifunza vizuri kwa lugha wanayoijua ni kweli, na haitoshi, kama ilivyokuwa haitoshi kuwaambia babu zao kuwa kilimo ni elimu.

Idara za lugha zina sehemu yao katika jibu, nayo ni ndogo kuliko hotuba zetu na ngumu zaidi. Katika hesabu ya alama za mwisho wa Gredi ya 9, mtihani wa mwisho unachukua asilimia 60, tathmini ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20. Asilimia 20 hizo za mwisho ndizo pekee ambazo mwalimu wa Kiswahili anaweza kuzitia ngano iliyokusanywa kwa bibi, mjadala uliosemwa kwa mdomo, au utenzi uliotungwa na mwanafunzi ambaye darasa lake limekwisha kuuacha ushairi. Walimu wanaozishika alama hizo walihitimu katika idara zetu, na wengi wao walitahiniwa nasi kwa karatasi yenye swali la kwanza la lazima.